Cheti cha Unyonge cha Bi Siwema

Sikilizeni, na asije mtu baadaye akasema nimeitaja nchi yake. Nchi ninayoisema haina jina. Ilikuwa nalo, lakini Baraza la Mawaziri lililichukua kwenda kulifanyia ukarabati, na mpaka leo halijarudi. Wananchi wanaishi vizuri tu bila jina. Wanalipa kodi, wanapanga foleni, wanashangilia wanapoambiwa washangilie. Na huko watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ni kweli kabisa, imeandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya lango la mahakama, juu sana, mahali ambapo ndege wanaisoma bila taabu.

Basi katika mji mmoja wa nchi hiyo, Mtaa wa Tulia, walikuwapo wanawake wawili waliokuwa wake wenza. Mkubwa ni Bi Siwema binti Kongoro, fundi cherehani, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mdogo ni Bi Havijawa binti Mtoro, mpika vitumbua. Mume wao, Mzee Lipwata, alifariki miaka saba iliyopita, akawaachia nyumba moja yenye milango miwili na baraza moja.

Mume alikwenda, wivu ukabaki. Ungedhani wangeuzika pamoja naye, lakini wivu ule ulikuwa wa miaka thelathini, umekwishazoea nyumba. Ulikaa palepale barazani kama mpangaji aliyegoma kuhama, ukitafuta kazi ya kufanya. Huyu akinunua pazia, yule anabadilisha mlango. Huyu akikohoa, yule anakwenda kupimwa kifua. Hayo mambo madogo, walishayazoea.

Asubuhi moja Bi Siwema akafungua mlango aweke cherehani yake barazani, penye mwanga, kama alivyofanya maisha yake yote. Akakutana uso kwa uso na tofali. Ukuta! Umeanzia katikati ya baraza, ukakunja kona, ukapita mbele ya mlango wake, ukaacha uchochoro ambao mtu akitaka kuupita sharti apite ubavu na ashike pumzi. Na nyinyi mnajua wateja wa fundi cherehani wenye faida ni akina nani. Ni wale mama wanene ambao mkono mmoja wa gauni lao unakula doti nzima. Hao ndio hawakupita tena.

"We Havijawa!" akapiga kelele Bi Siwema. "Toka nje! Toka uje unieleze, huu ni ukuta au umenijengea kaburi nikiwa hai?"

Havijawa hakutoka. Alitoka mwanamume mmoja amevaa joho jeusi, tai nyeupe shingoni, kitumbua mkononi.

"Mama," akasema, akameza kwanza. "Mimi ni Wakili Mwinchande. Mteja wangu amekusikia, na kwa ushauri wangu hatasema kitu. Ila ameniruhusu nikwambie hujambo."

"Mteja wako nani?"

"Bi Havijawa binti Mtoro, mjane wa marehemu Lipwata."

"Mjane! Na mimi je? Mimi ndiye mjane!"

"Hilo tutalipinga," akasema wakili kwa upole, akatoa kalamu, akaandika.

Bi Siwema akarudi ndani kwa ubavu. Akakaa kitandani. Ukuta ulimuudhi, sikatai, lakini ukuta ni tofali tu. Kilichomchoma moyo ni yule wakili. Havijawa ana wakili! Havijawa, ambaye vitumbua vyake ni vibichi katikati, ana mwanamume mzima wa joho anayekuja asubuhi, anayekula kwake, anayetoka mlangoni kwake na kusema "mteja wangu" kwa sauti ya kubembeleza. Tangu afe Mzee Lipwata hajatoka mwanamume katika mlango ule kwa heshima namna ile. Hasira zikampanda mpaka masikio yakawasha.

"Na mimi nitapata wa kwangu," akasema peke yake. "Tena mrefu kuliko wake."

Kumbe kweli alimhitaji wakili. Nchi ile ina sheria moja nzuri sana, Sheria ya Ulinzi wa Kuta. Ukuta wowote ukisimama siku tisini bila kupingwa mahakamani, unapewa uraia. Ukishapata uraia, haugusiki. Raia wa kawaida wanapigwa kila siku na hakuna anayeshangaa, lakini ukuta una haki zake. Na huwezi kwenda kuupinga kwa mdomo wako mwenyewe. Rais alipiga marufuku hilo zamani, baada ya jaji mmoja kusikia malalamiko ya kweli asubuhi na mapema, kabla hajanywa chai, akaanguka kwa presha. Tangu siku hiyo sauti ya mwananchi haiingii mahakamani mpaka ipitie kwa wakili, ichujwe.

Kwa hiyo hesabu ikawa hiyo. Apate wakili ndani ya siku tisini, au mlango wake ufe, na kazi yake ife nao.

*

Akaanzia kwa wakili mkubwa, katika jengo la vioo, mlangoni pameandikwa HAKI NI HAPA. Wakili alikuwa kijana mtanashati. Alisimama, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi nina shida ya ukuta. Tena samahani, choo kiko wapi?"

"Kulia, mlango wa pili."

Alipotoka chooni akakabidhiwa karatasi na mwandishi wa ofisi. Imeandikwa: kusalimiwa na wakili mwandamizi, mara moja. Kuitwa mama, mara moja. Kupokewa marahaba, mara moja. Ushauri wa kitaalamu kuhusu mwelekeo wa choo. Jumla yake ilikuwa ndefu kuliko namba ya simu.

"Na ukuta wangu?" akauliza Bi Siwema.

"Ukuta bado hatujaugusa, mama. Huo ni msimu mwingine."

Akawaachia doti mbili za kanga alizokuwa amezibeba kwa mteja, akaondoka akiwa amefunga mdomo kabisa, asije akaaga akaandikiwa.

Akaenda kwenye ngazi za mahakama, wanakokaa mawakili vishoka wanaojiuza rejareja. Mmoja akamwambia, "Mama, mimi nitakupa nusu wakili. Nakusimamia mpaka katikati ya kesi."

"Na baada ya katikati?"

"Nahamia upande wa pili. Na wao ni watu, wana nusu yao."

Na kila siku akirudi nyumbani anamkuta Wakili Mwinchande kule upande wa pili, anacheka, anasifia chai. Siku moja akasikia kwa masikio yake: "Mteja wangu, hivi vitumbua umeweka hiliki?" Siku hiyo Bi Siwema hakula. Alishona shati la mtu, akaweka mikono yote miwili upande mmoja.

*

Siku ya themanini na moja akafika Idara ya Mawakili Nafuu. Ni idara ya serikali, na Mkurugenzi wake, Bwana Msuwakolo, alikuwa mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kufungulia mikutano. Alimkuta akihutubia foleni.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu inajua kwamba haki ni ghali. Ndiyo maana imeunda Idara. Idara nayo haikulala, imeunda kamati. Kamati nayo haikulala, imenunua magari ishirini na mawili, ili haki iwafuate wananchi popote walipo. Magari yapo, mmeyaona hapo nje. Sasa tunasubiri haki tu."

Foleni ikapiga makofi. Bi Siwema akapiga pia, kwa adabu, kisha akasogea.

"Baba, mimi nataka wakili mmoja. Hata kama si mpya."

"Una bahati, mama. Wilaya yako ilipangiwa wawili. Mmoja yuko kazini. Mwingine huyu hapa, hajatumika."

Akamwonyesha kwa dirisha la kioo. Ndani alikaa kijana mrefu, mrefu wa haki, joho lake bado lina mikunjo ya dukani. Moyo wa Bi Siwema ukaruka. Alimpima kwa macho ya fundi, kutoka bega mpaka kifundo cha mguu. Alimzidi Mwinchande kwa kichwa kizima. Akamwona tayari, anatoka mlangoni kwake asubuhi, anaupita ule uchochoro kwa ubavu, anasema "mteja wangu" kwa sauti ya kufika upande wa pili.

"Nampenda," akasema. "Nifungieni."

"Taratibu, mama. Unacho Cheti cha Unyonge?"

"Ndiyo nini tena?"

"Wakili nafuu ni wa wanyonge. Bila cheti kila mtu atajifanya mnyonge. Mawaziri wawili walishajaribu." Mkurugenzi akafungua sheria. "Jirani wa paa moja na wewe aape mbele ya watu kwamba unamzidi kwa unyonge. Basi. Ni rahisi mno. Mtaani kwenu tumeshatoa kimoja, ngoja nikuonyeshe mfano."

Akafungua jalada. Bi Siwema akainama kusoma, na damu ikamwisha usoni. Cheti cha Unyonge, namba moja, Mtaa wa Tulia: Havijawa binti Mtoro. Wakili aliyepangiwa: Mwinchande. Jirani aliyeapa: Siwema binti Kongoro.

Akakumbuka. Lahaula! Mwaka uliopita alipita karani na daftari, akauliza barazani ni nani mnyonge kupita wote hapa. Karani alitaka sentensi moja. Bi Siwema alimpa kiti, akampa maji, akampa kurasa nne. Kwamba Havijawa hana sahani mbili zinazofanana. Kwamba kitanda chake kimesimama juu ya matofali. Kwamba vitumbua vyake ni vibichi. Kwamba Mzee Lipwata alimwoa kwa huruma tu, baada ya kunyeshewa mvua karibu na kwao. Alisema kwa raha, akasema polepole ili karani asiache kitu. Havijawa alikuwa nyuma ya mlango wake, anasikia yote, na hakutoka kukanusha. Siku ile Bi Siwema aliona ameshinda.

"Kiapo chako kinafundishwa chuoni kwetu," akasema Mkurugenzi kwa furaha. "Sehemu ya mvua inawaliza wanafunzi."

"Sasa jirani wangu wa paa moja ni yeye," akasema Bi Siwema. "Yeye ndiye ninayemshitaki. Ataniapia mimi?"

"Asipokuapia, akakusifu badala yake, sheria imekulinda. Kila sifa atakayosema, wewe unaikana kwa sauti mbele ya watu. Ukizikana zote, tunakuamini, kwa sababu hakuna mtu anayejidhalilisha hadharani kwa uongo. Neno lenyewe ni moja tu, mama. Nakana. Tangu Idara ianze hajatokea mtu wa kushindwa kulisema."

*

Wakapangiwa siku ya themanini na nane. Bi Siwema akajiandaa. Alijishonea gauni la umaskini, na kwa kuwa fundi ni fundi tu, likatoka zuri kupita kiasi. Viraka vimepangwa kwa rangi, mipasuko imekunjwa pindo, bega moja limechakaa kwa mvuto wa aina yake. Alipoingia ukumbi wa Idara wanawake wakaguna, wawili wakamuuliza anashona kwa muda gani. Havijawa alilitazama gauni lile tangu shingoni mpaka chini, akavuta kanga yake akaficha blauzi yake mwenyewe.

Mtaa mzima ulikuja. Mkurugenzi akakaa juu. Yule wakili mpya akasimama pembeni, mkono mmoja umeshaingia kwenye joho. Mwinchande akampa Havijawa karatasi, na Havijawa akasimama kuapa.

"Bi Siwema hanizidi unyonge," akasoma. "Ana cherehani mbili."

"Unakana?" akauliza Mkurugenzi.

"Nakana! Moja haina mguu."

"Wateja wake wanatoka mpaka makao makuu."

"Nakana! Alikuja mmoja, alikuwa amepotea njia."

"Ana mkufu wa dhahabu."

"Nakana! Shaba. Na shingo inaniwasha."

Ukumbi unapiga makofi. Mkurugenzi anagonga mhuri baada ya mhuri. Kila mhuri ukigongwa, wakili mpya anaingiza mkono wake kwenye joho kidogo. Bi Siwema akaanza kuonja ushindi mdomoni. Akamtupia Havijawa jicho, lile la pembeni, la kumwambia subiri uone kitakachotoka mlangoni kwangu kesho.

Havijawa aliliona lile jicho. Akaikunja karatasi. Mwinchande akamvuta kanga, yeye akautoa mkono wake.

"Liko lingine," akasema. "Mzee alimpenda yeye."

Mkurugenzi akauweka mhuri chini.

"Miaka ishirini na mitatu niliishi naye. Akila kwangu anasifia mchuzi wake. Akilala kwangu anageukia ukuta wa kwake. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu yeye Siwema alikuwa hajui, na nilitaka asijue mpaka afe. Siku mzee anakata roho, kichwa kilikuwa mapajani mwangu mimi. Maji nilimpa mimi. Akafumbua macho akasema, 'Siwema, funga dirisha.' Akasema tena, 'Siwema, baridi.' Nikaenda nikafunga mimi." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwanamke aliyependwa hivyo hawezi kunizidi unyonge. Nimemaliza."

Mkurugenzi akainua mhuri wa mwisho. "Haya, Bi Siwema. Limebaki hilo tu. Unakana?"

Wakili mpya alikuwa anafunga kifungo cha juu.

Neno moja. Bi Siwema alifungua mdomo. Miaka saba amelala upande wake wa nyumba akijua kwamba mumewe alikufa kwa Havijawa, na bila shaka alikufa akimtaja Havijawa. Miaka saba alimchukia maiti. Hakuwahi kumwambia mtu. Na sasa mtaa mzima umekaa hapa, masikio yamesimama, wanawake wote aliowashonea nguo za harusi, wote waliomcheka yeye siku Lipwata alipoleta mke mdogo. Akisema nakana, watakwenda nayo majumbani kwao. Itaandikwa. Itafundishwa chuoni.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Naomba arudie."

"Arudie lipi?"

"Hapo pa mwisho. Kuanzia kichwa mapajani."

Havijawa akarudia. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, na pale penye jina ikamkwama, karani wa Mkurugenzi akamsaidia kusoma alichokuwa amekiandika.

"Unakana, mama?" Mkurugenzi akatoa saa yake. "Sema nakana twende tukale."

"Sikani," akasema Bi Siwema.

"Pengine hukuelewa. Ukikosa cheti hukosi wakili tu. Ukuta una siku mbili."

"Nimeelewa. Sikani. Andikeni hivyo, tena andikeni vizuri, kwa herufi kubwa. Na mimi nataka nakala yangu, ipigwe mhuri."

Wakili mpya akafungua kile kifungo, akalikunja joho kwenye mikunjo yake ileile, akarudi kukaa nyuma ya kioo. Bi Siwema hakumtazama hata mara moja.

Nje ya ukumbi Mwinchande alikuwa anahema. "Mteja wangu, hilo nilikuandikia wapi? Mimi niliandika mkufu, nikaandika cherehani. Umeongea mambo ambayo hayamo!"

"Najua," akasema Havijawa.

"Lakini tumeshinda, hongera. Vitumbua vipo?"

Havijawa alikuwa anamtazama Siwema, anayekwenda zake nyumbani na gauni lake la viraka, karatasi ameishika juu kifuani kama bwana harusi na cheti cha ndoa.

*

Kesho yake alasiri, siku ya themanini na tisa, Bi Siwema akasikia mtu anagonga ukuta kwa upande wa pili.

"Siwema."

"Zungumza na wakili wangu," akasema Bi Siwema. Kisha akakumbuka hana, lakini hakujali.

"Mwenzangu, sikiliza. Wakili nimemfukuza. Nyundo ninayo hapa mkononi. Huu ukuta naubomoa leo hii, kabla ya magharibi, hakuna atakayenizuia. Utapata mwanga wako, utapata wateja wako, baraza chukua lote, mimi vitumbua nitapikia uani."

Bi Siwema akasogea karibu na tofali. "Bure?"

"Ile karatasi. Ichane. Nisikie ikichanika, basi. Sitaki iwepo humu ndani ya nyumba. Usiku kucha naiona."

Bi Siwema alitazama cherehani yake gizani. Tangu ukuta ujengwe hakuwa ameshona nguo tatu nzima. Mafuta ya taa yalikuwa yanakwisha na kodi ya jiji ilikuwa imekuja, imebandikwa kwenye ukuta wenyewe. Havijawa hakuwa anatania. Ilisikika kabisa nyundo ikikwaruza tofali.

"Mke mwenzangu," akasema mwisho, kwa sauti ya ukarimu ambayo hakuwahi kuitumia kwa mwanamke yule tangu aingie nyumbani. "Huo ukuta umeujenga kwa gharama. Uache usimame."

Siku ya tisini walikuja wakubwa na bendi ya polisi. Mkurugenzi akahutubia, ukuta ukavishwa shada la maua, ukakabidhiwa kitambulisho, na watu wakaambiwa washangilie, wakashangilia. Walipomtafuta mwenye ukuta apokee pongezi, wakamkuta amekaa jikoni kwake, ameziba masikio kwa mikono. Bi Siwema naye hakutoka, uchochoro ulikuwa umejaa viti vya wageni. Alikuwa ndani, amevuta kiti mpaka kwenye ukuta, anausomea Mtaa wa Tulia karatasi yake kwa sauti. Akimaliza, anaanza upya.